Jina Kwenye Kola

"Mama, huyu mtu amekufa," karani alisema, akaligeuza daftari ili mwanamke aone mwenyewe.

Mjane aliliangalia daftari, kisha akageuka kumtazama mumewe. Alikuwa amelazwa kwenye mkokoteni nje ya mlango wa ofisi ya askari wastaafu, mguu wa kushoto umezungushiwa shuka kuukuu, anafukuza nzi kwa kofia. Mguu ulikuwa unanuka. Watu wa foleni walikuwa wamejitenga naye hatua kama tano hivi, na bibi mmoja alijifanya anakohoa ili apate sababu ya kuziba pua.

"Si yule pale," Mjane alisema. "Anapunga kofia."

"Namwona. Lakini humu amekufa, mwaka wa kumi na moja huu. Jiwe la mtaa wenu lina jina lake, nimelipiga picha mwenyewe. Kaburi lipo. Na wewe kila mwaka unakuja kwenye dirisha hilihili kutia sahihi kwamba ni mjane. Hii si sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Basi nikuite nani? Mjane au mwongo?"

Foleni ikacheka. Si kwa ubaya sana, ni vile watu waliosimama tangu asubuhi wanavyocheka, wakifurahi kwamba safari hii aliyepatikana si wao. Mjane akatazama chini. Mtaani kwao jina hilo lilikuwa utani, na yeye alikuwa ameshalizoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Pale dirishani lilimchoma.

Tusidanganyane, kosa lilikuwa la mtaa mzima. Wakati wa vita jeneza lilikuja limepigwa misumari, na amri kwamba lisifunguliwe. Likazikwa. Jiwe likachongwa, majina kumi na manne ya vijana wa mtaa, na jina la mume wa yule mwanamke likawa la tisa. Miezi saba baadaye likasimama lori, akashuka mtu mwembamba anayechechemea, akauliza kwa nini mkewe amevaa nguo nyeusi. Watu walicheka na kulia siku tatu. Ya nne wakaanza kujiuliza habari ya jiwe. Mchongaji akasema jina halifutiki ila kwa kulivunja jiwe lote, na nani angethubutu kuwaambia wenye yale majina mengine kumi na matatu kwamba jiwe la watoto wao linavunjwa? Posho ya mjane ilikuwa imeshaanza kutoka, na mtu wa mguu mmoja mzima hana wa kumwajiri. Mwenyekiti wa mtaa, askari wa vita vya zamani, akakata shauri: "Acheni mambo yalivyo. Hatumwibii mtu, tunakula jasho lake."

Basi mume akaitwa Marehemu, mke akaitwa Mjane. Kila mwaka alitia sahihi kwamba mumewe amekufa, halafu akarudi nyumbani kumpikia. Na aliyemo kaburini je? Watu walisema ni askari wa watu, wakapafagia, wakanyamaza.

"Mwanangu," Mjane alimwambia karani kwa sauti ya chini, "nifunge ukitaka. Lakini daktari wetu amesema mfupa umeoza. Usipokatwa Jumamosi hii, Jumapili sumu inaingia kwenye damu. Na hospitali ya kukata ni hii yenu tu. Kwingine wametaja bei ambayo hata tukiuza cherehani na nyumba, bado."

Karani alimtazama yule wa mkokoteni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa daftari.

"Mtu mmoja hawezi kuwa na kaburi na kitanda," akasema, sasa kwa upole. "Nikimtoa huyu, lazima nimweke mwingine. Daftari halikubali kaburi lisilo na mtu. Niletee barua ya mtaa inayosema aliyezikwa ni nani, yenye dole la mzazi au ndugu yake. Na mkubwa wangu ataipiga mhuri siku ya kumbukumbu, Ijumaa. Mwaka huu anakuja kwenu kuweka shada."

"Tuandike hajulikani."

"Hajulikani hana dole, mama."

*

Mwenyekiti ndiye aliyesukuma mkokoteni kurudi, shati lake la pasi limelowa jasho, medali zikigongana kifuani. Alikuwa amezivaa ili ofisini waheshimiwe, na hakuna aliyemwuliza hata jina.

Nyumbani kwa Mjane ni chumba na ukumbi. Ukumbini kuna cherehani yake dirishani, na ng'ambo ya pili kigoda cha mumewe na safu ya viatu vya watu vinavyosubiri kushonwa soli. Walimlaza Marehemu, mwenyekiti akatoa karatasi na kalamu.

"Barua naandika sasa hivi. Nitajie tu. Mlikuwa kikosi kimoja, vijana wanne wa hapa. Wawili walizikwa kwa majina yao. Bado wewe na..."

"Andika hajulikani," Marehemu alisema, akageukia ukutani.

Mwenyekiti alikaa kidogo na kalamu yake hewani. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka juu ya cherehani, akaondoka bila kuaga, na si kawaida yake.

Mjane alileta beseni, akafungua shuka, akaanza kuosha kidonda. Harufu alishaacha kuisikia. Aliuosha mguu kimya mpaka maji yakabadilika rangi.

"Wewe unamjua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mgongo wako. Mtu asiyejua huniangalia."

Mjane akakamua kitambaa. "Lile koti uliniambia liliibwa."

"Halikuibwa. Nilimpa mtu."

"Nani?"

"Mluzi," akasema, akiuambia ukuta.

Mkono wa Mjane ulisimama ndani ya maji. Mluzi alikuwa kijana wa nyumba ya pili yake, mtoto pekee wa mama yake, kijana asiyeweza kuvuka barabara bila kupiga mluzi. Walipanda lori moja siku ya kuondoka. Yeye hakurudi wala maiti yake haikurudi, na mama yake alikataa katakata jina lake kuchongwa. "Mwanangu si jiwe," alisema. Tangu siku hiyo hakufunga mlango, mchana wala usiku, maana Mluzi aliondoka bila ufunguo. Wezi walimwibia redio mara mbili. Mbuzi wa watu waliingia na kutoka. Watu wakamwita Bi Mlango, na yeye akaitika.

"Ilikuwa zamu yake ya lindo," Marehemu alisema. "Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, koti lake limelowa mpaka lina uzito wa mtu. Nikamwambia vaa langu, utanirudishia asubuhi. Asubuhi nikamkuta."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Sura haikuwepo. Koti lilikuwepo. Mchana wake na mimi nikapigwa mguu, nikaokotwa na wale wa upande wa pili, sina koti wala karatasi."

Mjane alifuta mikono, akaenda kwenye cherehani, akavuta droo. Chini ya vifungo na vibiringo vya uzi kulikuwa na bahasha, na ndani yake kipande cha kola kilichokatwa kwa mkasi. Jeshi lilimletea yeye pamoja na jeneza. Kwenye kola kulikuwa na jina la mumewe kwa uzi mwekundu, mshono wa mkono, ule wake wa kurudi nyuma ambao fundi mwingine yeyote mtaani hakuujua. Alilitia jina hilo kabla lori halijaja, kwa sababu aliambiwa jeshini nguo huibwa. Alitaka koti lisipotee. Na walipomwonyesha wakamwuliza, je, huyu ni wako, hakuuliza kuhusu meno wala kovu. Aliangalia mshono, akasema ni yeye.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyemzika mtoto wa watu kwa jina lako."

"Usijibebeshe. Mimi ndiye niliyenyamaza. Niliporudi, mama yake ndiye wa kwanza kunikumbatia, hata kabla yako. Akaniuliza, mwanangu umemwacha wapi? Nikasema tulipotezana. Nikajiambia nitamwambia kesho."

"Kesho ipi?"

"Hiyohiyo ambayo bado haijafika." Akajaribu kucheka. "Niacheni nife tu. Kaburi ninalo, jiwe ninalo, na posho yako haikatiki. Marehemu gani amejipanga kama mimi?"

Mjane alikitupa kitambaa ndani ya beseni, maji yakaruka mpaka kwenye viatu vya watu. "Kutia sahihi nimezoea," akasema. "Kulala peke yangu sijazoea."

Akachukua ile karatasi na kile kipande cha kola, akatoka.

*

Kwa Bi Mlango hakukuwa na haja ya kubisha. Mlango ulikuwa umeegemea ukuta, jiwe limewekwa chini kuuzuia, na jiwe lenyewe lilikuwa limezama ardhini kwa miaka. Bibi alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele. Alipomwona mgeni alifurahi, akanyanyuka kwa kushika magoti.

"Afadhali umekuja. Nilitaka kesho nikuletee mwenyewe. Ngoja."

Mjane alijua anachokwenda kuleta. Ilikuwa kazi ya kila mwaka wiki ya kumbukumbu. Bi Mlango alileta shati la Mluzi, jeupe la kola ndogo, limekunjwa vizuri na kunukia sabuni.

"Mwaka huu nitolee vidole viwili," alisema. "Anaingia thelathini na mitatu. Baba yake kwenye umri huo alikuwa ameanza kitambi. Sitaki aje akute nguo inambana, aseme mama hakunitegemea."

"Pembeni hamna tena nguo ya kutoa, mama. Nimeshaitoa yote."

"Basi weka kiraka ndani. Wewe fundi, hushindwi."

Mjane alilishika shati. Alikuwa amelipanua mara kumi, kwa moyo mweupe kabisa, kila mara akikataa malipo. Sasa alikaa mkekani nalo mapajani na akaona kwamba akichelewa kidogo tu atasema ndiyo mama, ataondoka nalo, na mumewe atakufa Jumapili. Akatoa kola kwenye bahasha, akaiweka juu ya shati.

"Hiki nini?"

"Kola ya koti la mume wangu. Ndiyo iliyokuja na jeneza. Siku ile koti halikuvaliwa na yeye, mama. Mvua ilinyesha siku nne. Mluzi alikuwa lindoni, la kwake limelowa. Mume wangu akampa la kwake."

Bi Mlango aliichukua kola, akaisogeza penye mwanga wa mlango. Hakulia. Aliigeuza mbele na nyuma kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Aliona baridi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia achukue sweta. Akasema sweta ni za watoto wachanga." Akapapasa uzi mwekundu kwa kidole. "Mumeo amejua tangu lini?"

"Tangu siku ileile."

"Na kila asubuhi ananisalimia. Shikamoo mama, umeamkaje. Namwitikia, namwombea mguu wake." Macho yake yakahamia kwenye karatasi iliyochomoza kwenye mkono wa Mjane. "Na hiyo?"

Hapo ndipo Mjane alipotamani ardhi ipasuke. Akaeleza: daftari, kaburi na kitanda, dole, Jumamosi. Maneno yalitoka yakiwa mabaya kuliko alivyoyapanga njiani. Bi Mlango alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umekuja kuniambia mwanangu amekufa kwa sababu unataka dole."

"Mama..."

"Nijibu. Mguu wa mumeo ungepona, ningeambiwa?"

Mjane aliutafuta uongo wa kumpoza mzee wa watu, akaukosa. "Mimi nimejua leo," akasema. "Yeye asingesema."

"Haya. Nenda kwako."

"Naomba unisamehe. Nakuomba na dole, nakuomba vyote viwili kwa sababu sina pengine pa kuomba."

"Kola niachie. Na shati liache hapo." Bi Mlango alirudi kukaa mbele ya ungo wake wa mchele, akamgeuzia mgongo. "Mlango unaujua."

*

Siku ya kumbukumbu watu walikusanyika mbele ya jiwe kabla jua halijawa kali. Mjane alikuwa amempeleka Marehemu kwa mkokoteni uleule. Homa ilikuwa imempanda tangu jana, midomo imekauka, na mara mbili njiani alimwita kwa jina la dada yake. Barua, ambayo mwenyekiti alikuwa ameimalizia kwa jina la Mluzi, ilikuwa mfukoni mwa Mjane, nafasi ya dole bado nyeupe. Mkubwa wa ofisi alifika na gari, na shada, na begi la mhuri. Alitazama saa, akasema ana mitaa mingine miwili.

"Mzee, mwambie asubiri kidogo," Mjane alimnong'oneza mwenyekiti.

"Nimwambie anasubiri nini?"

Mjane akageuka tena kuangalia njia. Alikuwa ametazama upande wa kwa Bi Mlango mpaka shingo ikamuuma. Bibi hakuwahi kukosa siku hiyo. Husimama nyuma kabisa, yeye asiye na jina kwenye jiwe, halafu hubaki kufagia majani baada ya watu kuondoka.

Mwenyekiti akaanza kusoma. Mtaani kwao jina likisomwa, watu wa nyumba ile hujibu "Tupo", kwamba yeye hayupo lakini wenyewe wapo. La kwanza likajibiwa na baba. La pili na dada wawili. La tatu likajibiwa na mjukuu wa nyumba ile, kwa kuwa wazee wote walishatangulia. Kila mwaka lilipofika la tisa, Marehemu mwenyewe alikuwa akijibu "Nipo", watoto wakavunjika mbavu, na hata wenye msiba wakatabasamu kidogo. Ilikuwa kama pumziko katikati ya majonzi.

Mwenyekiti akalisoma la tisa.

Marehemu alifumbua macho. Mjane alimwona anakusanya pumzi, kisha anaiachia. Hakujibu. Mtoto mmoja aliyekuwa ameshaanza kucheka akakatishwa na kofi la mama yake. Mwenyekiti akalisoma mara ya pili. Mkubwa wa ofisi akatazama saa tena. Mjane aliona yote yamekwisha, akaweka mkono kwenye kifua cha mumewe kusikia kama moyo bado unapiga.

"Tupo."

Watu waligeuka. Bi Mlango alikuwa anakuja polepole, amevaa nguo nyeusi ambayo hakuna aliyewahi kumwona nayo, ingawa mikunjo yake ilionyesha imekaa sandukuni miaka mingi. Mkononi alishika kile kipande cha kola. Walimpisha bila kuambiwa. Alipita mbele ya kila mtu mpaka akalifikia jiwe, mahali ambapo siku zote husimama wenye majina.

Mkubwa wa ofisi aliinamia orodha yake. "Wewe ni nani wa huyu?"

"Mimi ni mama yake."

"Wa huyu aliyeandikwa hapa?"

"Wa huyu aliyelala," Bi Mlango alisema. "Aliyeandikwa ni yule kwenye mkokoteni. Hiyo karatasi iko wapi?"

Mjane aliitoa, akaikunjua. Wino uliletwa. Bi Mlango akabonyeza dole gumba, akalitazama doa kama lilikaa sawasawa, akakifuta kidole kwenye nguo yake nyeusi. Mhuri ukapigwa. Mambo ya zile posho, mkubwa alisema, ataitiwa siku nyingine, na Mjane akaitika ndiyo bwana bila kusikia vizuri anaitikia nini.

Bibi akausogelea mkokoteni. Watu walidhani atamkumbatia, kama ile siku ya kwanza. Hakumgusa.

"Alipolichukua koti alisema nini?"

Marehemu alilamba midomo. "Alisema lina joto."

"Alisema hivyo?"

"Alisema, kumbe fundi wako anajua kushona, lina joto."

Bi Mlango alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. "Ukipona, usinisalimie," akasema. "Salamu nikiitaka nitakuja kuichukua mwenyewe."

Akaondoka peke yake. Mara hii hakubaki kufagia.

*

Kupata nafasi kwenye gari la ofisi kulichukua muda. Dereva alilalamikia harufu, mwenyekiti akavua medali zake akamtaka azishike hadi gari litakaporudi safi, dereva akaona aibu akakubali bila kuzipokea. Wakamlaza Marehemu kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani pa mkewe. Mguu atauacha huko, hilo lilikuwa limeshajulikana. Kama yeye mwenyewe atarudi, daktari hakuwa ameahidi.

Gari lilipita mtaani mwao polepole kwa sababu ya watu. Walikuwa wamejaa mbele ya nyumba ya Bi Mlango, wanawake kwa wanaume, wengine bado na maua ya kumbukumbu mikononi. Mjane akainua kichwa kuangalia dirishani. Lile jiwe la kuzuia mlango lilikuwa limeng'olewa, limewekwa kando, na shimo lake linaonekana.

"Vipi?" Marehemu aliuliza akiwa amefumba macho. "Kuna nini hapo?"

"Amefunga mlango."

Machozi yakamtoka Marehemu pembeni ya macho, yakaingia masikioni, na hakuyafuta. "Watu hawaingii?"

Mjane alitazama nyuma mpaka gari lilipokata kona. Ndani ya nyumba kulikuwa kunasikika mtu analia, kilio cha miaka kumi na moja, na majirani wote wamesimama pale nje wakitazamana, mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Walikuwa wameingia na kutoka nyumba ile maisha yao yote, na hakuna aliyejua kuupigia hodi mlango ule.